Jinsi ya Kuandika Barua ya Maombi ya Kazi ya Ubunifu

Anayeomba kazi ya usanifu wa michoro, uhariri wa video, upigaji picha, uandishi wa matangazo au uchoraji wa vibonzo ana bahati ambayo waombaji wengine wengi hawana: mwajiri anaweza kuiona kazi yake kwa macho kabla hawajaonana. Bahati hiyo ndiyo inayowafanya wengi waidharau barua. Huhangaika majuma mawili kupanga mkusanyo wa kazi zao, ule ambao wengi huuita potifolio, kisha barua wakaiandika kwa dakika kumi usiku wa mwisho, wakiamini kwamba kazi zitajisemea zenyewe. Nimekaa mara kadhaa pamoja na wanaochuja maombi ya namna hii, na nimeona imani hiyo ikiwaponza watu wenye vipaji vya kweli. Jalada zuri la kitabu haliwezi kusema kwamba mchapishaji aliagiza picha ya mlima nawe ukamshawishi akubali herufi tupu. Video ya dakika mbili haisemi kwamba ilichekechwa kutoka katika saa sita za picha zilizopigwa bila mpango. Kazi huonyesha mkono wako. Fikra zilizouongoza mkono huo hazionekani mpaka uzieleze, na barua ndiyo nafasi yako ya kuzieleza kabla ya usaili. Hatua zote zinazofuata zinatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Lisome tangazo kama unavyosoma maelekezo ya mteja

Msanifu makini haanzi kuchora kabla ya kujua mteja anataka nini, ila mtu huyohuyo akiona tangazo la kazi huanza kuandika akiwa amesoma kichwa tu. Chukua tangazo, lisome polepole, na upigie mstari kila kitenzi: atasanifu, atasimamia, atashirikiana, atawasilisha. Vitenzi hukuonyesha siku ya kazi itakavyokuwa, ilhali maneno kama "mbunifu" na "mwenye ari" huandikwa karibu katika kila tangazo na hayakuambii lolote. Angalia pia neno linalojirudia. Tangazo linalotaja tarehe za mwisho mara tatu yamkini limeandikwa na watu waliokwisha kucheleweshwa, na barua inayoonyesha jinsi ulivyokamilisha kazi ngumu kwa wakati itawagusa kuliko ile inayosifu jicho lako la rangi.

Kisha jiulize mahali penyewe ni pa namna gani, kwa kuwa cheo kimoja huwa na maana tofauti kwa waajiri tofauti. Kampuni ya matangazo inayohudumia wateja wengi humhitaji mtu anayeweza kushughulikia sabuni asubuhi na benki mchana bila kuchanganya sauti za wateja hao wawili. Idara ya ubunifu iliyo ndani ya taasisi moja humhitaji mtu wa kuitunza sura ileile mwaka hadi mwaka bila kuichoka wala kuiharibu. Mchapishaji wa vitabu hutaka mtu atakayeusoma mswada mpaka ukurasa wa mwisho kabla hajagusa jalada. Studio ya michezo ya kompyuta hutaka mchoraji anayeelewa kwamba mchoro wake utapita mikononi mwa watengenezaji wa programu, na kwamba faili lenye tabaka zisizo na majina huwapotezea wenzake muda. Barua moja haiwezi kuwafaa wote hawa, hata ukibadilisha jina la mwajiri kila unapoituma.

Tazama pia kazi tatu au nne za karibuni za huyo unayemwandikia. Usitafute cha kusifia, maana sifa ya jumla hutambulika mara moja. Tafuta mahali ambapo kazi zao na zako zinagusana. Ukimaliza, andika sentensi moja katika karatasi ya pembeni: wanamhitaji mtu wa kuwafanyia jambo gani, na ni kazi yangu ipi inayothibitisha kwamba ninaliweza. Sentensi hiyo haitaingia katika barua, lakini kila aya utakayoiandika utaipima nayo.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua wa kusoma haja ya mwajiri una zaidi ya miaka 500. Mwanzoni mwa miaka ya 1480, Leonardo da Vinci aliandaa barua ya kumwomba kazi Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, na rasimu yake imehifadhiwa hadi leo miongoni mwa karatasi zake. Aliyekuwa akiomba ni mchoraji, lakini aliyekuwa akiombwa ni mtawala aliyeishi katika zama za vita. Kwa hiyo barua ile, iliyopangwa kwa hoja zenye nambari, inaanza na madaraja mepesi yanayobebeka, mizinga na magari ya vita yaliyofunikwa. Majengo ya wakati wa amani yanafikiwa katika hoja ya kumi, na uchongaji na uchoraji vinatajwa baada ya hapo kwa maneno machache. Karibu na mwisho anataja farasi wa shaba nyeusi atakayemwenzi baba yake mtawala, jambo ambalo familia hiyo ililitamani, kisha anajitolea kufanya majaribio ya yote aliyoyaahidi popote mtawala atakapopenda. Kinachonivutia hapa ni mpangilio: alichokipenda yeye kilisubiri mpaka haja ya msomaji iwe imejibiwa.

Hatua ya 2: Chagua kazi moja, au mbili, nyingine uziache

Hapa ndipo panapouma, kwa sababu kila kazi uliyoitolea jasho unaiona kama mwanao. Hata hivyo, barua inayotaja miradi kumi huwa ni orodha, na orodha tayari imo katika wasifu wako. Chagua kazi iliyo karibu zaidi na majukumu yaliyotajwa, hata kama si nzuri kuliko zote kwa macho. Katika zilizo karibu, ipendelee ile iliyokuwa na kikwazo cha kweli: fedha kidogo, muda mfupi, mteja aliyebadilisha mawazo katikati, picha zilizoletwa zikiwa mbovu, bango ambalo lilipaswa kusomeka na mtu anayepita kwa kasi. Kazi isiyokuwa na kikwazo haina uamuzi wa kusimulia. Mwisho, hakikisha ni kazi unayoweza kuizungumzia kwa dakika kumi bila kujiandaa, kwa kuwa utakachokiandika ndicho utakachoulizwa.

Hatua ya 3: Anza kuandika aya ya katikati

Watu wengi hukwama kwenye sentensi ya kwanza, wakakaa saa nzima wakitazama ukurasa mtupu. Iache. Anza na aya inayoeleza ile kazi uliyoichagua, kwa kuwa ndiyo moyo wa barua, na ikishapatikana mwanzo wenyewe hujileta. Tazama aya ya namna ambayo nimeisoma mara nyingi:

"Nina uzoefu mkubwa katika uhariri wa video. Nina ubunifu wa hali ya juu, ninaweza kufanya kazi katika mazingira magumu na nimekamilisha miradi mingi yenye mafanikio kwa wateja mbalimbali."

Aya hii haina kosa la sarufi, na pengine kila neno lake ni la kweli, lakini mhariri yeyote angeweza kuitia saini. Mwandishi wake angejiuliza maswali manne: ni mradi upi, ugumu ulikuwa wapi, niliamua nini, na kikatokea nini? Majibu yakishapatikana, aya hubadilika hivi:

"Mwaka jana nilihariri filamu fupi ya dakika 9 kuhusu fundi saa. Tulikuwa na mahojiano ya saa 3, lakini fundi mwenyewe ni mtu wa maneno machache, na rasimu ya kwanza ilijaa sauti za watu wengine wakimweleza. Niliyaondoa mahojiano yao yote, na katika dakika mbili za mwanzo nikabakiza mikono yake na milio ya saa bila neno hata moja. Mwongozaji alihofia kwamba watazamaji wangechoka, kwa hiyo niliandaa matoleo mawili tukayaonyesha kwa watu 12 wasiomfahamu fundi huyo. Kumi kati yao walilichagua toleo lisilo na maneno, na ndilo lililotoka."

Neno "ubunifu" halimo, wala halikuhitajika. Mna kitu kilichoondolewa, sababu ya kukiondoa, mtu aliyepinga, na namna upinzani huo ulivyoshughulikiwa bila ugomvi; msomaji anapata ujuzi wako wa kuhariri na tabia yako ya kufanya kazi na watu katika maelezo yaleyale. Vitenzi vina mtendaji: niliondoa, nikabakiza, niliandaa. Mazoea ya kuandika "kulifanyika maboresho" au "video iliboreshwa" huficha mtu ambaye barua nzima ipo kwa ajili ya kumtambulisha.

Ikiwa huna tarakimu za matokeo, usizibuni. Kuna matokeo yasiyohesabika ambayo mwajiri anayaheshimu vilevile: mteja alirudi na kazi ya pili, jalada lilipitishwa bila marekebisho, tangazo lilitumika kwa msimu mwingine. Na ikiwa kazi haikufaulu kama ulivyotarajia, bado inaweza kufaa, mradi useme kwa uwazi ungefanya nini tofauti leo. Mimi binafsi humwamini zaidi mwombaji anayeweza kuikosoa kazi yake mwenyewe kwa utulivu.

Hatua ya 4: Taja sehemu yako, si zaidi

Kazi nyingi za ubunifu hufanywa na kundi, na ni rahisi kusema "nilitengeneza" pale ambapo ukweli ni "tulitengeneza". Mwanzoni mwa kazi yangu niliandika kwamba nimetengeneza filamu fupi ambayo kwa kweli tuliifanya watu wanne. Kwenye usaili niliulizwa kelele za upepo katika tukio la pili ziliondolewaje, na sikuwa na jibu, kwa kuwa sauti haikuwa kazi yangu. Uhariri wa picha, ambao ndio niliokuwa nimeufanya, ulikuwa mzuri na ungetosha kabisa kunitetea. Lakini tangu swali lile niliona kwenye nyuso za waliokuwa mbele yangu kwamba hata hicho nilichokifanya hawakukiamini tena. Sentensi moja ingeniokoa: "Nilihariri picha; sauti na rangi zilishughulikiwa na wenzangu." Tangu hapo siandiki barua bila sentensi ya namna hiyo, na nimegundua kwamba kumtaja mwenzako hakukupunguzii heshima, bali humwonyesha msomaji kwamba unaijua mipaka ya kila mtu katika kundi.

Kazi ambazo mteja hajazitoa hadharani, au ambazo ulitia saini ya kutunza siri zake, usizionyeshe wala usizidokeze. Mwajiri mpya atajua kwamba siri zake nazo hazitakuwa salama kwako. Na kama picha au maandishi katika kazi uliyoiwasilisha yalitoka kwa sehemu katika programu ya akili mnemba, sema ni sehemu ipi, hasa pale tangazo linapouliza.

Anayeanza, ambaye hajawahi kulipwa kwa kazi yoyote, hana sababu ya kuomba radhi. Mradi wa chuo, bango ulilolichora kwa ajili ya kikundi cha ujirani, picha ulizopiga kila asubuhi kwa miezi mitatu katika mtaa mmoja, vyote vina vikwazo na maamuzi ndani yake. Sema wazi kwamba ni kazi uliyojipangia mwenyewe, kisha ieleze kwa uzito uleule ambao ungeieleza kazi ya mteja. Kinachoharibu barua za wanaoanza ni ule utangulizi wa "ingawa sina uzoefu", unaomfanya msomaji atazame pengo kabla ya kutazama kazi.

Hatua ya 5: Sasa rudi kwenye mwanzo

Barua rasmi ya Kiswahili ina umbo lake, nasi tumelizoea tangu shuleni: anwani mbili, tarehe, kichwa cha barua, kisha "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mwenye umri wa miaka 24, mchapakazi na mwaminifu." Umbo lenyewe sina ugomvi nalo. Anwani, tarehe na kichwa kinachotaja nafasi unayoiomba humsaidia mpokeaji kuipanga barua mahali pake, na kuviacha kwa kisingizio cha usasa si ubunifu. Ninachokuomba uachane nacho ni sentensi hizo mbili, kwa sababu kichwa cha habari kimekwisha kusomwa, umri kwa kawaida haukuulizwa, na uchapakazi hauthibitishwi kwa kutajwa.

Mahali pake weka sentensi inayokuunganisha na kazi yao. Inaweza kuwa ya moja kwa moja: "Naomba nafasi ya msanifu wa majalada, kazi ambayo nimeifanya kwa kujitegemea kwa miaka 3, hasa katika vitabu vya watoto." Inaweza pia kuanzia katika kitu ulichokiona: "Majalada ya mfululizo wenu wa vitabu vya sayansi hutumia rangi mbili tu kila moja; mwaka jana nililazimika kufanya kazi ndani ya mpaka huohuo, na nilichojifunza ndicho kilichonifanya niombe nafasi hii." Ya pili ina nguvu zaidi, ila usiitumie kama uchunguzi wako si wa kweli.

Sentensi ya "tangu utotoni nimependa kuchora" iache, kwani kila aliyeomba alipenda. Kuhusu barua za vituko, zile zilizoandikwa kwa mashairi au kwa sauti ya kalamu ya risasi, ninawashauri wengi wajiepushe nazo, kwa kuwa msomaji aliyechoka huona kituko kabla ya kumwona mtu. Mwandishi wa matangazo ana uhuru zaidi, maana kwake barua yenyewe ni sampuli ya kazi. Na hata yeye atapimwa zaidi kwa sentensi fupi iliyonyooka kuliko kwa mchezo wa maneno.

Kama tangazo limetaja jina la mpokeaji, mwandikie kwa jina lake, ukitanguliza Bi., Bw. au Ndugu, na uhakikishe mara mbili tahajia. Kama halikutaja, mwandikie kwa cheo, kwa mfano Mkuu wa Idara ya Ubunifu.

Hatua ya 6: Funga kwa ufupi

Aya ya mwisho haihitaji zaidi ya sentensi tatu: kazi zako zinapatikana wapi na aanze na ipi, unaweza kuanza kazi lini, na kwamba uko tayari kwa mazungumzo. Usisihi. "Naomba sana mnifikirie, sitawaangusha" hutoka moyoni, lakini humweka mwandishi chini ya kazi yake mwenyewe. Mshahara utaje tu kama umeulizwa. "Wako mtiifu" bado ni hitimisho sahihi la barua rasmi.

Hatua ya 7: Umbo la barua na faili zake

Barua isizidi ukurasa mmoja wa A4. Maneno kati ya 250 na 400 yanatosha. Tumia fonti inayosomeka, ukubwa wa 11 au 12, na pambizo za takriban sentimita 2.5. Wasanifu hushawishika kuipamba barua kama bango, na wengine huihifadhi ikiwa picha. Hilo lina hatari, kwa kuwa baadhi ya waajiri hupitisha maombi kwanza katika programu inayosoma maandishi, na barua iliyo picha inaweza kuonekana humo kama ukurasa mtupu. Ihifadhi katika PDF, kisha ifungue na ujaribu kunakili sentensi moja. Ikinakilika, ni salama. Usanifu wako uonekane katika nafasi kati ya mistari, katika uchaguzi wa herufi na katika utulivu wa ukurasa. Jicho lililofunzwa litaviona.

Faili lipe jina lako na nafasi unayoiomba, maana faili liitwalo "barua mpya mwisho 2" litazama katikati ya mengine. Kwa kazi zenyewe, kiungo ni bora kuliko kiambatisho. Gmail, kwa mfano, hairuhusu viambatisho vinavyozidi megabaiti 25 kwa jumla, na kwa sababu faili huongezeka kwa karibu theluthi moja linapofungwa ndani ya barua pepe, hata la megabaiti 20 linaweza kurudishwa na mfumo wa mpokeaji. Kifungue kiungo chako katika dirisha la faragha la kivinjari, au kwa simu ya mtu mwingine, kabla ya kutuma. Nimeona maombi mazuri yakiwekwa kando kwa sababu kiungo kilidai nywila ambayo hakuna aliyepewa.

Hatua ya 8: Isome kwa sauti, ilaze, ndipo uitume

Sauti hufichua sentensi ambayo jicho limeizoea: ukiishiwa pumzi katikati, ikate, ukiona aibu kuitamka mbele ya rafiki, ifute. Kisha iache mpaka kesho yake, ukiwa na muda, na uisome ukitafuta mambo mawili tu, yaani majina yote yaliyomo na ile sentensi uliyoiandika pembeni katika hatua ya kwanza. Aya isiyoihudumia sentensi hiyo iondoe, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote.

Ukishaituma, hifadhi nakala ya barua pamoja na nakala ya tangazo, kwa kuwa matangazo huondolewa mtandaoni muda wa maombi unapoisha. Usiku wa kuamkia usaili vitoe vyote viwili, ufungue faili halisi la kazi uliyoielezea, na uzipitie rasimu ulizozikataa, kwa sababu swali la kwanza mara nyingi huhusu kile ulichokiondoa.